Kata Mizizi Samaki Wapumue: Mwongozo kwa Wenye Matangi ya Nyeri na Miji ya Mlimani

Kuna matangi ya samaki katika miji yetu ya mlimani ambayo mteja anaweza kukaa mbele yake tangu anapoingia kwa kinyozi hadi anapopakwa spiriti kisogoni, asione samaki hata mmoja. Anaona mizizi. Juu ya tangi pamekaa mani planti iliyonona, majani yametambaa hadi kwenye kioo cha kunyolea. Chini, majini, mizizi ya kahawia imesukana, imebana kila kona, imeingia hadi kwenye mdomo wa kichujio, na mahali fulani ndani ya msitu huo kuna samaki wa dhahabu anayetafuta njia ya kufikia chakula chake. Mwenye duka ukimuuliza anajibu kwa fahari kwamba mmea umeshika sana. Kweli umeshika. Umeshika tangi, umeshika pampu, na sasa umebaki kumshika samaki.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya samaki huyo. Unawahusu wenye saluni, wenye hoteli, wenye kliniki na wenye sebule, kuanzia Othaya na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Nitawacheka wenye matangi ya namna hiyo humu njiani, maana wamejitakia, lakini kila ninachowaambia wafanye, ninataka wakifanye, tena wiki hii.

Kwanza niseme kwamba kuweka mmea wa nyumbani juu ya tangi la samaki ni jambo zuri, na aliyelianza asilaumiwe. Samaki akila, anachafua maji kwa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Nitreti hiyo haina pa kwenda. Inaongezeka wiki baada ya wiki mpaka mtu abadilishe maji, au mpaka pawe na mzizi wa kuinywa. Mmea ambao majani yake yako hewani hukua upesi kuliko jani lililozama majini, kwa sababu unavuta kabonidioksaidi ya hewani bila shida, na kwa hiyo unanyonya nitreti nyingi zaidi. Mizizi ikijaa tangini, basi, hiyo ni dalili kwamba mmea unafanya kazi yake na unalipwa vizuri kwa kinyesi cha samaki. Ubaya unaanza pale mwenye tangi anapouangalia ukijilipa mpaka unamfukuza mwenye nyumba.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani kila kilicho kijani kinawapa samaki oksijeni. Majani ya mani planti yako nje ya maji, na oksijeni yake inakwenda kwa wateja wanaosubiri kunyolewa. Mzizi wenyewe unapumua, na oksijeni anayoitumia samaki ndiyo unayoitumia nao usiku kucha tangini, yaani wanagombania mzigo mmoja. Mzizi ukianza kuoza mambo yanazidi, kwa sababu bakteria wanaoula uozo nao wanataka hewa, halafu uozo wenyewe unarudisha amonia ileile tuliyokuwa tukiikimbia.

Sasa ongeza mlima. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki inapita mita 1,900. Kwa kimo cha Nyeri kanieneo ya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya Mombasa, na maji hubeba oksijeni kulingana na kanieneo hiyo. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzijoto 20 yakiwa ufukweni hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, na hapo ni pale yaliposhiba kabisa. Maji ya joto hilohilo Nyeri yakishiba hushika kama miligramu 7.4. Baridi yetu inatusaidia, kwa sababu maji baridi hushika oksijeni zaidi kuliko maji ya moto. Lakini mtu aliyenunua gapi, samaki wa maji ya joto, akaweka hita ikafika nyuzi 25, ameshuka hadi kama 6.7. Mwanya wa makosa umepungua. Tangi lililojaa mizizi likiwa Kilindini ni uchafu wa macho. Likiwa Nanyuki, na hita imewashwa, ni hatari kwa uhai wa samaki.

Wazee wa Nyeri wanaujua ukweli huu kwa njia ya trauti. Samaki hao waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa kwenye mto Gura unaoshuka kutoka Aberdare, wakashamiri, na baadaye serikali ikajenga kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo. Trauti ni samaki anayedai oksijeni nyingi kuliko wengi wanaofugwa. Gura uliweza kumlisha hewa hiyo kwa sababu maji yake ni baridi na hayatulii: yanagonga mawe, yanaruka, yanapasuka, na kila yanapopasuka yanakutana upya na hewa. Katika tangi, kazi ya mawe ya Gura inafanywa na pampu yenye mapovu, au na maji ya kichujio yanaporudi kwa kuanguka juu. Mizizi iliyotanda chini ya uso wa maji huyazuia yasizunguke, maji ya chini yanabaki chini, na samaki anakaa kwenye hewa ya jana.

Kisha stima inapotea saa nne ya usiku. Pampu inanyamaza, kichujio kinanyamaza, mizizi haijui habari hiyo na inaendelea kupumua. Asubuhi samaki wako juu kabisa ya maji, midomo nje, wanahema. Mwenye duka analaumu chakula alichonunua Karatina. Analaumu maji ya bomba. Jirani yake anamwambia kwamba tangi limepigwa jicho na mpinzani aliyefungua kinyozi ng'ambo ya barabara. Hapana jicho hapo. Pana mizizi ya kujaza karai.

Kinachowazuia watu kukata ni woga, na woga huo kwa watu wa Nyeri ni kichekesho kikubwa. Hawa ni watu wanaokata mkahawa hadi ukabaki kisiki ili uchipue upya. Hawa ndio wanaopogoa chai kila baada ya miaka mitatu au minne hadi shamba zima linabaki vijiti, na hakuna anayelala macho. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani anasimama mbele ya mani planti ameshika makasi, anatetemeka, anayarudisha kabatini.

Mani planti haijazoea kuhurumiwa. Asili yake ni Mo'orea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa, na karibu haitoi maua kabisa: mara ya mwisho ilipojulikana kuchanua yenyewe ni 1964. Mwaka 2016 watafiti walieleza sababu, kwamba ina kasoro katika jeni inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini, na bila homoni hiyo ua haliji. Mmea usiotoa ua hautoi mbegu. Kwa hiyo karibu kila mani planti unayoiona Kimathi Way, Meru au Dubai ni kipande kilichokatwa kutoka kwa kipande kilichokatwa. Imeuzunguka ulimwengu kwa kisu. Makasi yako hayawezi kuishtua.

Asiyeniamini ateremke kando ya kijito amtazame shosho aking'oa nduma. Nduma na mani planti ni wa ukoo mmoja, pamoja na pisi lili, singoniamu na monstera, na nduma imekaa miguu majini kwenye mabonde haya kabla ya mtu yeyote hapa kuleta tangi la kioo nyumbani. Shosho anaitikisa tope, anakata kiazi cha kupeleka jikoni, anabakiza kichwa chenye nyama kidogo ya kiazi. Majani makubwa anayaondoa, analiacha lile changa lililojikunja katikati. Halafu anageuza panga na kunyoa mizizi kuzunguka kichwa, shwa, shwa, shwa, kinabaki kimevaa ndevu fupi, na siku hiyohiyo anakirudisha kwenye mtaro wenye unyevu, au kwenye mtaro uliotandikwa nailoni kwa wale walio mbali na mto. Mzizi mkuukuu hauna kazi kwake, mpya utakuja. Hicho tu ndicho kitakiwacho kwenye tangi, kwa mkono mwepesi zaidi.

Kwa nini mwepesi zaidi? Kwa sababu nduma ina kiazi cha kujilisha wakati inaotesha mizizi mipya, na mani planti haina. Kanuni ni theluthi moja. Usikate zaidi ya theluthi moja ya mizizi mizima kwa mara moja. Ukizidisha, majani yananyong'onyea, nitreti inapanda kwa kuwa mnywaji amelazwa, na zaidi ya hayo unatoa tangini bakteria wengi wanaoishi kwenye ngozi ya mizizi. Tangi likiwa limefikia hali niliyoieleza pale kwa kinyozi, kata mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine ziwepo wiki mbili au tatu. Aliyeuacha msitu ukue mwaka mzima asitake kuumaliza Jumamosi moja.

Siku ya kukata ichague vizuri. Usikate katikati ya baridi ya Julai, wakati hata maji ya bomba yanauma vidole, kwa sababu mmea unapona polepole. Ngoja jua lirudi, kata saa nne au saa tano asubuhi. Na siku hiyo usioshe kichujio. Bakteria wako kwenye kichujio na wako kwenye mizizi. Ukivamia pande mbili kwa siku moja, unabaki na tangi lisilo na mfanyakazi. Lakini mizizi ikiwa tayari imekaba mdomo wa pampu, sahau kalenda, kata leo.

Vifaa ni vichache: makasi makali yaliyopanguswa kwa spiriti yakakauka, ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni, na glovu. Glovu zinahitajika kwa sababu ya undugu uleule na nduma. Aliyewahi kula nduma isiyoiva vizuri anajua jinsi koo linavyowasha. Ni fuwele za kalisi oksaleti, na mani planti, pisi lili na singoniamu wanazo pia. Utomvu wake humwasha mwenye ngozi nyepesi, na mtoto au paka akitafuna vipande vilivyoachwa sakafuni atalia.

Chomoa kwanza pampu na hita kwenye stima. Hita iliyowaka ikibaki juu ya maji inaweza kupasuka, na mkono wako utakuwa ndani. Jaza ndoo nusu kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Halafu uinue mmea taratibu. Penye mizizi iliyoingia kwenye kichujio usivute: ikate hapohapo, kisha utoe mabaki kwa vidole, maana ukivuta utang'oa mmea au utavunja plastiki. Mizizi ikiwa juu ya maji itikise kidogo na uiangalie kwa makini, kwa kuwa vifaranga vya gapi hupenda kujificha humo, na ni aibu kubwa kutupa kizazi kizima jalalani kwa haraka yako. Kisha uitie ndooni upesi. Mizizi iliyokulia majini ni myororo, haina kinga ya mizizi ya udongoni, na ikikaa hewani wakati unajibu simu itaanza kukauka.

Sasa kazi yenyewe, na hapa usiwe na pupa. Usihukumu mzizi kwa rangi peke yake. Tangini hata mzizi mzima hugeuka kahawia au kijani kwa sababu ya utando unaoota juu yake. Uchukue kati ya kidole gumba na cha shahada, uubonyeze na uvute kidogo. Mzima ni mgumu, unakataa, na ukiukata ndani ni mweupe. Uliooza ngozi yake inateleza na kubaki mkononi mwako kama soksi, ndani kunabaki uzi mwembamba, na harufu yake ni ya kinamasi. Iliyooza yote iondoke, hadi pale penye nyama nzima. Hiyo haihesabiwi kwenye theluthi.

Ukimaliza iliyooza, ifuate mirefu. Tafuta mizizi minene inayotoka kwenye vifundo vya shina, uifuate kwa vidole hadi chini, na ukate ncha zake kwa urefu tofautitofauti. Wapo watakaoikusanya yote mkononi na kuikata kwa mstari mmoja, kama wanavyomkata mtoto panki siku ya kufungua shule. Msifanye hivyo. Ukikata ncha ya mzizi, matawi ya pembeni yaliyokuwa yamezuiwa na ncha ile yanaamka, na pale palipokuwa na mzizi mmoja panatoka kadhaa. Ukikata yote sawasawa, baada ya majuma machache utapata ukuta mmoja mzito kwa kimo kimoja, mahali hasa samaki anapopita. Ukiipishanisha, mizizi mipya inasambaa na maji yanapata njia. Lengo langu mimi ni kwamba nusu ya chini ya tangi ibaki wazi. Samaki aonekane, ageuke, aogelee kutoka upande huu hadi ule bila kuomba njia.

Punguza na majani kidogo, hasa kama mmea umeshafika kwenye dari. Mizizi iliyopungua haiwezi kunywesha majani yaleyale.

Maagizo haya yanafaa kwa mani planti, singoniamu, pisi lili na jamaa zao. Ile inayouzwa kama bambuu ya bahati si mwanzi hata kidogo, wala haina undugu na mianzi ya msitu wa Aberdare. Ni aina ya dracaena kutoka Afrika ya Kati, inakua polepole, na mizizi yake ikatwe kwa uchache sana. Zamioculcas, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na wengi wanaijua kwa herufi ZZ, isiwekwe tangini kabisa. Ina viazi vyake vya kuhifadhi maji na imejiandaa kwa ukame. Kuizamisha ni kuinunulia uozo.

Suuza mizizi iliyokatwa kwenye maji ya ndoo ili utomvu uondoke, yamwage maji hayo shambani, kisha urudishe mmea mahali pake. Badilisha kama robo ya maji ya tangi. Maji ya bomba yametiwa klorini, ambayo inaunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria, kwa hiyo yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia, na yakae ndani ya nyumba ili baridi ipungue. Anayemimina maji ya bomba ya alfajiri ya Nyeri juu ya gapi waliozoea nyuzi 25 hana haki ya kushangaa yatakayofuata. Punguza chakula kwa siku chache, kwa sababu mmea umepunguziwa midomo. Jani moja au mawili ya chini yakigeuka manjano, yaondoe na uendelee na shughuli zako. Mmea wote ukilegea kwa zaidi ya wiki, utoe, ubonyeze tena. Kuna uozo ulioupita.

Limebaki la mabaki, na hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote yaliyotangulia. Usiyatupe mtoni. Usiyatupe kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Mzizi mtupu wa mani planti hauoti, lakini kipande cha shina chenye kifundo kimoja kinaota, na nchi kama Sri Lanka na visiwa vya Hawaii vinahangaika nayo msituni, imepanda miti na kuifunika. Sisi tumeshaona mmea wa pambo unavyoweza kufanya. Gugumaji lilionekana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria karibu na 1990, na hadi leo wavuvi wa Ghuba ya Winam wanasukumana nalo. Maji ya Chania na Gura yanaingia Tana, yanapita Masinga na mabwawa yanayotupa stima, yanawahudumia watu wengi hadi Bahari ya Hindi. Ya Nanyuki na Naro Moru yanakwenda Ewaso Ng'iro, kwa wafugaji wanaoyahesabu kwa mitungi. Samaki wa tangi usiyemtaka naye asiachiliwe huko. Atafutiwe mtu wa kumfuga.

Mizizi na majani yaanike juani mpaka yavunjike ukiyakunja, kisha yatie kwenye mboji. Kahawa na sukuma wiki zitashukuru. Mashina yenye vifundo yakatekate kati ya kifundo na kifundo, yakauke kabisa nayo. Yaliyo mazuri usiyakaushe: yatie kwenye chupa ya maji dirishani, yatatoa mizizi kwa majuma machache, na jirani akija kuomba mche, mpe pamoja na makasi.